Mitihani ya Word ya shule tano: naihamishiaje mtandaoni bila kuivujisha?

MtaalumaMilimani

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba mnivumilie kwa urefu wa habari hii. Nikifupisha mtanijibu "tumia Google Drive" halafu nitabaki palepale nilipo, maana hilo hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameshanishauri.

Nafundisha sekondari ya kata huku Mbinga. Mwezi Januari nilikabidhiwa kiti cha mtaaluma (mwalimu anayesimamia masomo na mitihani shuleni), na pamoja na kiti nikakabidhiwa flashi mbili, moja imefungwa kamba ya kiatu, ya pili haina mfuniko. Na laptopu ya ofisi ambayo betri yake ilishakufa, inaishi kwa waya. Umeme ukikatika nayo inakata roho papo hapo. Humo ndimo ilimo mitihani ya ujirani mwema tangu 2011, maazimio ya kazi, barua za wazazi, ratiba, mpaka risala za mahafali ya watu ambao sasa wana watoto wanaosoma hapahapa.

Kwa wasiojua, ujirani mwema ni shule jirani kuungana na kufanya mtihani mmoja. Sisi tuko tano na tunagawana masomo ya kutunga. Kwetu inatungwa Baiolojia na Kiswahili, Hisabati na Fizikia zinatoka shule iliyo chini kabisa upande wa ziwa, na kadhalika. Mwalimu anatunga kwenye Word, anautupa kwenye grupu la WhatsApp la wataaluma, wa shule ya pili anapitia anarudisha, wa tatu anaongeza lake. Muhula uliopita mtihani wa Baiolojia ulinifikia ukiwa umeshazaa: "BIOLOGY F3", "BIOLOGY F3 (1)", "BIOLOGY F3 mpya", "BIOLOGY F3 mpya FINAL", na "BIOLOGY F3 FINAL sahihi TUMIA HII". Nikatumia iliyoniambia nitumie. Kumbe mwenzetu aliyebadilisha swali la 7 alilibadilisha kwenye ile "mpya", na kuna shule mbili zilichapa hiyo.

Siku ya kusahihisha tunakuta shule mbili zimechora figo na shule tatu zimechora jicho, na mwongozo wa kusahihishia ni mmoja, wa jicho. Kuna mtoto kachora figo safi kama ya kitabuni. Mwalimu aliyekuwa anasahihisha bunda lile, wa shule nyingine, kampa sifuri na pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "Hili si jicho." Tulirudia mabunda mawili mpaka saa mbili usiku kwa tochi za simu.

Hapo bado flashi ya kamba. Ilikwenda mjini kuchapisha, ikarudi na ule ugonjwa wa njia za mkato. Kila folda imegeuka ikoni yenye kamshale, ukiibofya hola.

Basi nimeamua nyaraka zote ziende mtandaoni, zikae sehemu moja, na wenzangu wa shule nne waingie humohumo badala ya kurushiana. Ninapokwama ni hapa. Niende huduma ipi? Bando ni la kwangu mwenyewe, na mtandao unakamata vizuri nikisimama karibu na tenki la maji, kwa hiyo siwezi kupandisha kwa kubahatisha. Michoro ya Baiolojia na kanuni za Hisabati zitafika salama, au zitakuwa makorokoro? Na kubwa kuliko yote, mtihani ambao bado haujafanyika ukikaa mtandaoni, nitalala usingizi kweli?

Natanguliza shukrani.

---

Mchimba_Madini

Naweka kambi hapa. Na mimi nina flashi yenye kamba.

---

FundiFaili

Mkuu mtaaluma, pole na figo.

Tibu flashi kwanza kabla hujagusa mtandao, la sivyo utaupandisha ugonjwa na kuwagawia wenzako. Faili zako hazijapotea. Kirusi kile kinazificha, kisha kinaweka vile vishale mahali pake, na ukibofya kishale unakiamsha chenyewe. Kwa hiyo acha kubofya. Chomeka flashi kwenye kompyuta yenye antivirusi iliyo hai, iskani, halafu andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows lije lile dirisha jeusi. Angalia flashi imepewa herufi gani. Kama ni E, andika hivi ulivyo na nafasi zake zote:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Folda zitarudi, na mara nyingine utazikuta zimerundikwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili nyaraka tu: docx, doc, xlsx, pdf. Chochote kinachoishia na exe, vbs au lnk kiache kife humohumo na flashi yake.

Sasa, wapi. Google wanatoa GB 15 za bure, ila zinaliwa pamoja na barua pepe na picha za akaunti hiyohiyo. OneDrive ya Microsoft ni GB 5, Dropbox ni 2. Kwa maandishi matupu hata hizo 2 ni nyingi, kwa hiyo usihangaike na ukubwa. Jiulize wenzako wana nini tayari mkononi. Karibu kila mwenye simu ya Android ana akaunti ya Google, hata kama nywila yake haikumbuki. Ningekuwa wewe ningekwenda Google, ingawa nakiri kwamba kwa Word tupu OneDrive inaheshimu mpangilio zaidi, ni watoto wa baba mmoja.

Halafu kuna kosa ambalo karibu kila ofisi niliyopita wamelifanya. Mtu akishapandisha, anafungua faili na kuigeuza iwe ya Google Docs. Usigeuze! Drive inafungua docx na kukuruhusu uandike humo ikiwa ileile docx. Utaona herufi .DOCX pembeni ya jina juu, hiyo ndiyo dalili kwamba bado ni mali ya Word. Ukigeuza unakuwa na mbili, ya zamani imekaa kimya na mpya inaendelea, na wewe na wenzako mmerudi kwenye TUMIA HII. Tena ukigeuza, michoro iliyojengwa kwa mistari na visanduku vya maandishi ndiyo huhama kwanza, unakuta neno "retina" limeelea juu ya nyusi. Ingia kwenye mipangilio ya Drive uhakikishe ile sehemu ya kugeuza kila kinachopandishwa haina tiki.

Za mtindo wa doc, zile za kabla ya Word 2007, zifungue kwenye Word uzihifadhi upya kama docx kabla ya safari. Za Hisabati jiandae. Kanuni zilizoandikwa kwa kile kihariri cha zamani, Equation 3.0, hazihaririki tena kwa chenyewe, maana Microsoft walikiondoa Januari 2018 kutokana na tundu la usalama. Utaziona kama picha. Zikisomeka shukuru, ila ukitaka kubadili namba moja huenda ukalazimika kuiandika kanuni upya.

Habari ya ruhusa nitarudi, naitwa kazini.

---

MamaSteshenari

Nimesoma "ilikwenda mjini ikarudi na ugonjwa" nikacheka peke yangu hapa kaunta. Mwalimu wangu, hebu tusemezane ukweli. Msimu wa mitihani flashi zenu zinaingia dukani kwangu tano tano ndani ya bahasha ya kaki, na kila moja imepita shule zote kabla ya kunifikia. Nani kamwambukiza nani?

Haya, yaishe. Nina mawili ya kukusaidia.

La kwanza ni bando. Alikuja mwalimu wa Jiografia na mtihani wa kurasa nne wenye MB 41. Nikadhani kaweka video. Kumbe ramani kaipiga picha na simu, akaibandika kwenye Word, akaikata kingo ibaki ramani tu. Nikamwambia ngoja nikuonyeshe kitu. Ile docx ni furushi. Tengeneza nakala yake, badilisha mwisho wa jina kutoka docx uwe zip, ifungue. Ndani utakuta folda inaitwa word, na ndani yake nyingine inaitwa media. Tukafungua. Picha nzima imo: ramani, meza yake, kikombe cha chai, na chini ya kikombe karatasi aliyoandikia majibu kwa mkono. Kwenye ukurasa huoni kitu, imekatwa. Ndani ya faili ipo yote, inasomeka mpaka namba za maswali. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

Dawa yake haichukui dakika. Bofya picha, nenda kwenye kichupo cha picha juu, bonyeza palipoandikwa Compress Pictures. Ondoa tiki ya "picha hii tu" ili zibanwe zote, weka tiki kwenye ile ya kufuta sehemu zilizokatwa, chagua 150, kisha hifadhi. MB 41 ikashuka mpaka MB 1 na pointi. Ramani ilichapika safi kabisa, na mashine yangu si mpya. Ila ukishahifadhi na kufunga hurudi nyuma, kwa hiyo weka nakala kama picha unaipenda.

La pili. Hiyo akaunti mtakayofungua, msiifungulie kwenye kompyuta ya kaunta, si yangu wala ya mwingine. Kila jioni kabla sijashusha geti nazunguka mashine tatu nikizima barua pepe za watu. Wiki hii nimezima saba, moja ya mchungaji. Mimi nazima. Je, kijana wa duka la pili naye anazima? Ukija kuchapisha, njoo na faili yenyewe basi, usije na mlango wa nyumba nzima.

---

MzeeWaBahasha

Vijana nawasoma. Nimekuwa mtaaluma miaka 19 kabla ya kustaafu. Mtihani usiofanyika haulali nyumba ya jirani. Sisi tulikuwa tunachapa kwa stensili, tukimaliza tunazichoma nyuma ya jiko la shule, mkuu wa shule kasimama hapo mpaka ziwe jivu. Leo mnaniambia mtihani ukae mahali ambapo mtu akiwa Dodoma, kitandani, anaufungua. Ukivuja, barua ya kujieleza utaandikiwa wewe, huyo Google hataandikiwa.

Maazimio na mitihani iliyopita peleka huko, sina neno. Mtihani mpya ni bahasha, lakiri, mkono kwa mkono.

---

MtaalumaMilimani

Shikamoo mzee wangu. Nimekusikia, na bahasha naijua vizuri. Mwaka juzi bahasha ya Hisabati ilipanda kutoka ziwani kwa bodaboda. Mvua ikamkuta kijana mlimani, akaona asiiloweshe, akaiacha kwa mama ntilie mpaka kesho yake asubuhi. Lakiri ilikuwapo mzee. Na mama ntilie yule ana binti kidato cha tatu, nafundisha darasa lake.

Mama Steshenari, nimeomba radhi kwa niaba ya flashi. Hiyo ya kikombe cha chai imenitoa jasho, kwa sababu michoro yetu yote ya Baiolojia tunaipiga picha na kukata kingo hivyohivyo.

Fundi, nasubiri ruhusa.

---

FundiFaili

Nimerudi. Mzee asipuuzwe. Yeye alijua kwa majina ni watu wangapi wameuona mtihani kabla ya siku yake, na wewe lazima uweze kuwataja hivyohivyo.

Kwa hiyo usipange folda kwa mwaka wala kwa shule. Zipange kwa watu wanaoingia. Kwenye Drive ukimwalika mtu kwenye folda, anapata kila kilichomo, na folda zote ndogo zilizo chini yake. Watu wengi wanatengeneza folda moja kubwa "UJIRANI MWEMA", wanawaalika walimu wote kumi na wanane, kisha ndani wanaweka folda "SIRI". Hiyo siri wanayo wote kumi na wanane.

Wewe iache folda kubwa bila mtu yeyote. Ndani weka moja ya maktaba: mitihani iliyokwisha, maazimio, vifuniko vya mtihani. Hiyo alika wataaluma wote kama watazamaji. Kisha kila somo linalotungwa sasa lipate folda yake, na humo waingie watatu tu: mtungaji, mpitiaji, na wewe. Mtungaji na mpitiaji wape uhariri. Mtihani ukishafanyika, hamisha faili kwenda maktaba.

Ukialika, andika anwani ya barua pepe ya mtu. Ile ya "yeyote mwenye kiungo" usiiguse hata kwa haraka gani. Kiungo kikidondoka kwenye grupu la WhatsApp ni sawa na ufunguo uliopelekwa kwa mchonga funguo, hujui zimetoka ngapi. Halafu bonyeza kile kigurudumu cha mipangilio kwenye dirisha la kualika uondoe tiki inayowaruhusu wahariri kualika wengine. Watu hawajui kwamba inakuja ikiwa imewashwa. Ipo pia inayowaruhusu watazamaji kupakua na kuchapisha. Izime, ila usiitegemee sana, hakuna tiki inayomzuia mtu kupiga picha kioo.

Mkishakubaliana mtihani umeiva, pakua nakala ya mwisho, ifungue kwenye Word, nenda Faili, Info, Protect Document, uifunge kwa nywila. Hiyo ndiyo ipandishwe kwa ajili ya kuchapwa. Drive yenyewe haitaweza kuisoma, mtu ataipakua na kuifungua kwa Word akiwa na nywila, na nywila mnapeana kwa mdomo kwenye simu asubuhi ya kuchapa. Mzee, hiyo ndiyo lakiri ya siku hizi. Lakini lazima iwe docx. Nywila za doc za zamani zilikuwa dhaifu, zinavunjika kwa programu ya bure. Na ya docx ukiisahau hakuna fundi wa kukufungulia, mimi mwenyewe msinipigie.

Jina la faili likae moja, BIOLOJIA K3, mwanzo hadi mwisho. Anayerekebisha arekebishe humohumo. Drive inaweka matoleo ya nyuma, unaweza kuona la jana na kulirudisha. Kwa faili za Word usingoje sana, matoleo ya zamani huweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, labda uliweke alama ya kudumu.

Sasa akaunti, hapa ndipo shule nyingi zinalia. Fungua mpya ya ofisi ya taaluma. Usitumie yako, na asitumie yake mwalimu wa kompyuta. Faili aliyoipandisha mwalimu ni mali ya akaunti yake hata kama imekaa kwenye folda yako. Akipata uhamisho, akasafisha Drive yake, imeondoka naye. Kwa hiyo kila mtihani ukiisha, tengeneza nakala ukiwa ndani ya akaunti ya ofisi, nakala hiyo ndiyo yenu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani juu ya nywila Google wanahitaji pia uthibitisho kwenye simu yako, kisha omba namba za akiba za kuingilia siku simu haipo. Google wanakupa 10, kila moja ina tarakimu 8. Zichapishe kwenye karatasi ziende kabati la chuma la mkuu wa shule, ili siku wewe na laini yako ya simu mkihamishiwa Tunduru ofisi isibaki nje ya mlango. Na mtu aingie humo walau mara moja kwa muhula, akaunti isiyoguswa miaka 2 Google wana haki ya kuifuta.

Bando: ukipandisha kwa simu, kuna swichi kwenye Drive ya kuhamisha faili kwa Wi-Fi pekee. Ikiwa imewashwa utakaa unasubiri tenkini mpaka jogoo awike na haitakwenda hata KB moja. Bora laptopu iliyounganishwa na simu.

---

KazamoyoTena

Mimi naongeza kidogo tu. Matokeo yenye majina ya wanafunzi yasichanganywe na maktaba. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mzazi mmoja akiiona alama ya mwanawe inazunguka kwenye magrupu, mtaipata habari yake.

---

MtaalumaMilimani

MREJESHO.

Wakuu, zimepita wiki tano. Niliahidi nikifanikiwa nitarudi, na nikishindwa pia.

Flashi ya kamba imepona. Ile amri ilirudisha kila kitu, na kweli vilikuwa ndani ya folda isiyo na jina, nilipita juu yake mara tatu nikidhani ni doa kwenye kioo. Jumla zilikuwa faili 1,312. Nilikaa Jumamosi mbili nikichambua, umeme ulikatika mara nne na laptopu ikazimika mara nne. Zilizobaki ni 486. Mtihani wa Uraia wa 2014 pekee ulikuwa na nakala kumi na moja, na mbili kati yake hazikuwa Uraia. Nilikuta pia barua ya posa ya mtu. Sitasema ni nani, nimeifuta.

Kubana picha ndiko kumeokoa bando langu. Kabla ya kubana zilikuwa GB 2 na ushee, baada yake MB 390. Kwenye zip ya Baiolojia ya kidato cha nne nilikuta mchoro wa moyo, na pembeni yake mguu wangu mwenyewe, nimevaa kandambili. Mama Steshenari, sina la kusema.

Nilinunua bando la usiku, nikaweka kiti na meza ya mwanafunzi karibu na tenki, waya nikauvuta kutoka stoo. Mlinzi alidhani nimefukuzwa nyumbani, akaniletea chai. Nilianza saa sita usiku, mtandao ukakata mara mbili, na uliporudi kazi ikaendelea ilipoishia. Saa tisa na nusu zote 486 zimefika.

Kazi ngumu ilikuwa watu. Wataaluma wanne, na wawili hawakujua nywila zao kabisa, simu walitengenezewa dukani siku ya kununua. Wa tatu aliniandikia anwani, nikamwalika, mwaliko ukapokelewa na binti yake aliyeko chuo Morogoro. Kumbe binti ndiye aliyemfungulia simu ile, kwa jina lake. Kwa siku mbili binti wa watu alikuwa mtazamaji wa maktaba yetu, na nashukuru nilikuwa sijamwalika baba yake kwenye folda ya somo. Sasa nimejiwekea utaratibu: nikimwalika mtu nampigia simu hapohapo, anaisoma herufi moja moja ya anwani inayoonekana kwenye simu yake.

Mtihani wa kwanza wa njia hii umefanyika Jumatatu iliyopita. Baiolojia, faili moja, jina moja. Mpitiaji wetu wa ng'ambo ya mto aliandika maoni pembeni ya swali la 7 akiuliza: "Mwaka huu ni kiungo gani?" Nikamjibu humohumo, moyo. Shule zote tano zimechora moyo.

Mzee Bahasha, shikamoo tena. Nakala za mwisho zilifungwa kwa nywila kama alivyoelekeza Fundi, na mimi ndiye niliyepiga simu saa kumi na mbili asubuhi shule moja moja. Shule nne zilifungua. Ya ziwani wakapiga wanasema haifunguki, haifunguki, dakika ishirini zinakwenda na wanafunzi wanafagia uwanja kwa mara ya pili. Nywila ilikuwa na sifuri, mtaaluma wa kule akawa anaandika herufi O. Nilimwambia "sifuri, mayai", akaandika O ndogo. Mwishowe nikamwambia abonyeze ile iliyo kulia kabisa kwa 9, ikafunguka. Mpya nimeitunga haina sifuri, haina O, haina 1 wala l. Karatasi ya namba za akiba iko kabati la mkuu wa shule, chini ya kitabu cha hundi, ameitia saini nyuma bila mtu kumwomba.

Bado napambana na mwalimu wa Fizikia. Folda anayo, ameingia, ameandika humo, nimeona kwenye matoleo. Lakini juzi saa nne usiku grupu la wataaluma likalia, naangalia, "PHYSICS F3 FINAL FINAL.docx". Nikampigia. Akanijibu kwa upole kabisa: mtaaluma usihofu, kule kwenye folda nimeiweka vilevile, huku nimeituma kwa usalama.

---

MamaSteshenari

Mwambie aje na kamba yake ya kiatu.